Nilimwambia Mungu Sitaki

Jumanne, Agosti

Bado namshangaa Sista Agnes. Nilimpigia simu nikamwambia nimeomba mwaka mzima nijue kama nina wito wa utawa, na sijajibiwa. Akaniuliza, "Chebet, umewahi kumwambia Mungu hutaki?"

Sikujua mtu anaruhusiwa.

Hapa nyumbani hatuombi hivyo. Jana tukimaliza rozari Mama alisema, "Asante Bwana kwa kumchagua binti yangu." Ameshashukuru, na mimi hata sijaamua! Niliitikia amina huku nimenuna. Ananiombea ama ananisukuma?

Kwa hivyo leo, nikichagua viazi vya mbegu pale stoo, nilijaribu. Nikasema kwa sauti, "Mungu, sitaki kuwa sista. Nataka kubaki hapa Kuresoi, niolewe, nilime shamba langu."

Nikangoja nisikie nafuu.

Badala yake uso uliniwaka moto, vile huwa nikimdanganya Mama na ninaona anajua. Nikarudia, lakini sauti haikutoka vizuri.

Sijui hiyo ni nini. Ila mwaka mzima wa kuomba, na leo ndiyo mara ya kwanza nimehisi kuna mtu anasikiliza.