Sataranji ya Njia ya Wamaza

Baba yangu mpendwa,

Jana nilitoa kadi yako ya mpiga kura kwenye Biblia. Picha imefutika, limebaki doa la kijivu lenye kola ya shati. Nyingine hatuna. Niseme wazi: sura yako inanitoka kichwani, na ninaogopa.

Mchezo ndio haujanitoka. Tulisukuma baiskeli ya mchele kutoka Wamaza hadi Kasongo, wewe kwenye usukani, mimi nyuma, tukicheza sataranji bila ubao, kila mmoja akitaja hatua yake kwa mdomo. "Farasi, f tatu," unasema. Najibu, tunapanda kilima. Wapita njia walidhani tunasali.

Ubaya ulikuwa salamu. Njia ile humpiti mtu kimya: habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mgonjwa wa juzi. Ukimaliza kuulizia mbuzi wa watu, askari wangu wawili wameshanitoka kichwani. Siku moja nilimpita shangazi, dada yako, bila neno, nisije nikapoteza malkia. Ulisimamisha baiskeli, ukanirudisha nikamsalimie mpaka mwisho. Nilirudi nalia, ubao mzima umefutika.

"Mama," uliniambia, maana ndivyo ulivyoniita mimi binti yako, "usishike picha. Picha inapotea mbio. Ushike tu habari: nani iko anamuchunga nani, nani iko anamutisha nani."

Sikukuamini. Ukasema padri aliyekufundisha alikuhadithia kwamba Waarabu wa zamani walicheza wakiwa wameupa ubao mgongo. Mimi nikadhani walikuwa na macho kisogoni. Juzi nimesoma kwamba mabingwa wa kucheza bila ubao walipoulizwa wanaona nini kichwani, wengi walijibu hawaoni rangi wala umbo la vipande. Wanajua tu kila kipande kinaweza kufanya nini. Ulikuwa umeniambia bure, nami nikakuona mbishi.

Basi nimejaribu. Nimeacha kuitafuta pua yako. Nimeuliza nani alimchunga nani. Papo hapo likaja lile daraja bovu la njia ya Kasongo: ulitangulia na baiskeli, ukaiegemeza ng'ambo, ukarudi kunishika mkono. Kila safari, hata nilipokuwa nimekupita urefu.

Kadi nimeirudisha kwenye Biblia, na shangazi namsalimia mpaka habari za mbuzi.

Mara hii ulivuka, Baba, hukurudi. Lakini mkono wako naujua.

Binti yako, uliyemwita Mama