Safu ya Kabila Iliyomzuia Hawa Kupanda Jukwaani

Jumapili, mchana. Upepo umeamka na hasira tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nimechoka. Nimelala kwa saa nane nzima na nimeamka nimechoka vilevile.

Wanaonisoma hapa wanaujua ugomvi wangu na matamasha ya utamaduni. Miaka mingi nimeyapiga mawe: mahema meupe, mgeni rasmi anayechelewa, mshereheshaji anayeziita ngoma za watu "burudani kidogo kabla ya hotuba". Mwaka jana nilichemka zaidi. Kikundi cha kukodi kilicheza ngoma za makabila matano kwa kiuno kilekile, wakibadilisha vitambaa tu. Niliandika makala ya moto. Waandaaji, badala ya kuninunia, wakanitia kwenye kamati yao.

Humo nikatunga sharti. Ni langu, sina wa kumsingizia. Kila ngoma ichezwe na wenyewe. Fomu ikawekwa safu ya jina, safu ya umri na safu ya kabila, na asiye wa kabila husika asipande jukwaani. Kamati ilipiga makofi. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya tamasha, na mimi ndiye niliyeshika fomu.

Kikundi cha kijiji cha Zuzu kiliwahi mapema. Ni akina mama kumi na wawili wanaopiga muheme, ngoma ya Kigogo ambayo mwanamke huibana kwa mapaja na kuipiga kwa viganja. Mmoja huongoza, wengine humfuata. Kiongozi wao, Mama Nyemo, amepita miaka sabini, na bega lake la kulia siku hizi halinyanyuki vizuri. Niliwakuta nyuma ya jukwaa wamezilaza ngoma juani ili ngozi zikaze.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo ufungue macho. Leo nakabidhi."

Ngoma ya kuongoza alitaka kumpa Hawa, mke wa mwanawe, binti wa Kondoa aliyeolewa Zuzu. Amemfundisha kwa miaka tisa. Lakini kikundini kuna manung'uniko, na mwenye sauti kubwa ni Mama Sechelela, anayesema mtu wa kuja hawezi kushika ngoma ya mbele.

"Ndiyo maana nataka nimpe mbele ya umati," Mama Nyemo alisema. "Nikimpa nyumbani, watasema mzee alikuwa anaumwa, hakujua afanyalo."

Nikaangalia fomu. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko safi: Hawa. Mrangi.

"Hawa, umeandika Mrangi."

"Ndiyo, kaka. Baba Mrangi, mama Mrangi. Ningeandika nini?" Alikuwa amevaa kaniki kama wenzake, na shanga juu ya mtandio.

"Sharti linasema ngoma ichezwe na wenyewe."

"Sharti la nani?" aliuliza Mama Nyemo.

Nikamwonyesha fomu.

Yule mzee akacheka. "Basi kalamu si unayo? Niandike na mimi Mrangi, utufukuze wote, tukale pilau huko kwenye mahema!"

Akina mama waliangua kicheko. Hata mimi nilitabasamu. Mama Sechelela peke yake hakucheka. "Si unaona, mama? Sisi tukisema, tuna wivu. Haya, karatasi nayo ina wivu?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Mshereheshaji alikuwa ameshawaita, lakini kuichana ile karatasi kungehitaji sekunde mbili tu. Nilijua ninachokiona. Viganja vya Hawa vina sugu ambazo hakuna fomu inayoweza kuziuliza.

Nikasema, kwa sauti ileile ninayoandikia makala, "Sharti ni sharti."

Hawa hakubishana. Alipiga magoti, akamfunga mama mkwe wake njuga miguuni, akachukua khanga yake na kwenda kusimama nyuma ya hema.

Mama Nyemo aliongoza. Mgeni rasmi alipiga makofi sana, na watu walipiga picha. Lakini mimi nimezaliwa ndani ya mlio huo. Nilisikia ngoma ya mbele ikichelewa na zile nyingine zikipunguza mwendo ili kuisubiri, kama watu wanaotembea na mgonjwa. Kabla ya mwisho, mkono wa kulia ulibaki umelala juu ya ngozi. Alimalizia kwa wa kushoto.

Baadaye kiongozi wa kikundi cha Chemba, kilichocheza ngoma ya Kisandawe, alinivuta pembeni, anacheka. "Mwandishi, wale waimbaji wangu nusu ni Waburunge! Tuliandika Wasandawe wote tusikusumbue."

Kumbe sharti langu lilimnasa msema kweli peke yake.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, nikitumaini atanitetea. Alikuwa anachagua maharage, hakuinua uso.

"Marehemu mama yako alikuwa Mnyaturu wa Singida."

"Najua. Lakini mimi ni Mgogo."

"Na nyimbo zote za Kigogo unazojisifia nazo, ni yeye aliyekuimbia. Naye alikuwa kikundi cha kukodi?"

Nikavuta kigoda, nikachagua naye maharage.

Nilidhani ninalinda kitu. Ukweli ni kwamba niliwachukia sana waigizaji wa vitambaa hata nikasahau kwamba ngoma huwa ya mtu kwa kuipiga, mwaka baada ya mwaka, mbele ya mwalimu anayemkaripia. Wanyaturu, Warangi, Wagogo, wote wameoana katika uwanda huu tangu kabla sijajua kuandika. Na mimi nikaja na rula.

Asubuhi nilimpigia simu Mama Nyemo. Aliniambia Hawa ameifua ile kaniki, ameikunja na kuirudisha pamoja na ngoma.

"Anasema hapigi tena, asije akaniaibisha. Mwanangu, Hawa ameniaibisha?"

"Hapana, mama. Ni mimi. Naomba unisamehe."

"Mimi nimekusikia. Lakini hilo neno usilimalizie kwenye simu yangu. Sisi Jumatatu jioni tupo uani kwangu kwa mazoezi, na kina Sechelela wanakuwepo."

Ningeweza kuandika makala ya kujikosoa. Naijua kazi hiyo. Maneno elfu moja, makali, na wasomaji wangenisifu kwa ujasiri, na Hawa angebaki vilevile, bila ngoma. Akina mama wa Zuzu hawanisomi. Wao walinisikia kwa masikio, nikiwa nimesimama mbele yao na fomu.

Kwa hiyo kesho jioni nakwenda Zuzu. Nitasimama palepale uani, Mama Sechelela akinitazama, niseme kwamba sharti lilikuwa langu na lilikuwa baya, na kwamba Hawa ndiye alipaswa kuongoza. Halafu ninyamaze, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko yote.

Hawa anaweza kuikataa ngoma hata hivyo. Ana haki. Nitamuaga mama mkwe wake na kurudi zangu nikiwa nimelibeba kosa langu.