Dada Subi, Nilimpa Tuse Dawa ya Kuongeza Damu

Dada Subi,

Sikuandikii kukulilia. Nilikulilia kule nyumbani Mbebe siku tuliyokuzika, nikalia mpaka sauti ikakauka wiki nzima, watu wakawa wananiuliza bei ya mchele nami nawaonyesha kwa vidole. Leo nakuandikia kwa sababu nina wivu na wewe, na sina wa kumwambia. Nani atanielewa nikisema namwonea wivu marehemu, tena dada yangu wa tumbo moja?

Mtoto uliyemwacha akiwa bado tumboni mwangu sasa anatambaa. Nimemfunga mgongoni hapa kwenye genge langu la mchele, amelala, mate yote shingoni kwangu. Wateja wa Zambia hawajavuka mpaka bado, foleni ya malori imefika mbali, vumbi ndiyo kama unavyolijua. Shemeji yako hajambo. Baba Tuse yuko safarini na lori lake, anapiga simu akipata mtandao. Na Tuse wako yupo kwangu, darasa la pili, meno ya mbele yameota makubwa kama yako.

Nianze na asubuhi, maana ndipo unaponitesa.

Kila siku saa kumi na mbili namwamsha. Natia vidonge vyake kwenye glasi yenye maji, nakoroga mpaka viyeyuke, maji yanakuwa meupe kama ya chokaa. Anakunywa. Naongeza maji kidogo nasuuza yale yaliyobaki chini, anakunywa na hayo. Halafu tunakaa nusu saa nzima tumbo likiwa tupu ndipo apate uji. Maziwa hapana, soda hapana, kumeza kidonge kizima hapana. Hayo niliyajua tangu mwanzo, uliniandikia mwenyewe ukiwa wodini. Ila hukuniandikia kwamba siku ya kwanza atainusa glasi, aniangalie, aseme, "Mama alikuwa anakoroga polepole."

Nikakoroga polepole.

"Mama alikuwa anaimba."

Dada, nilikuwa sijalala. Nikaimba.

"Siyo huo."

Nilitamani kuitupa ile glasi barabarani. Nikamnywesha kwa ukali, akanywa huku analia, na mimi nikaenda kulia chooni. Ikawa ndiyo maisha yetu. Mama alikuwa hivi, mama alikuwa vile. Nami nishindane vipi na wewe? Tangu ufe hujawahi kuchelewa kuamka. Huunguzi uji. Hupigi kelele. Kila siku unazidi kuwa mama mzuri, na mimi niliye hai nazidi kuwa mama mdogo tu.

Lakini wivu huu ni wa zamani, usijifanye huujui. Unakumbuka tukipalilia maharage kule juu kwa babu? Mstari wako ulikuwa umenyooka kama umepimwa kwa kamba. Mimi nilikuwa nakata miche pamoja na magugu. Ukarudi nyuma yangu kimya kimya, ukawa unaichomeka ile miche iliyokatika, isimame, ili Mama akipita asione. Alipopita akakusifu wewe. Hukunisema. Nilikuchukia siku ile kwa sababu hukunisema, unaelewa? Hata nafasi ya kukukasirikia hukunipa.

Sasa nikuambie nilichofanya. Nimekaa nacho miezi mingi.

Tuse alianza kupauka. Viganja vyeupe, ndani ya macho kweupe. Kila aliyepita hapa gengeni ananiambia, "Mama, huyu mtoto hana damu." Mmoja, tena mteja wangu, akasema, "Alivyokuwa na mama yake hakuwa hivi." Ile sentensi iliingia hapa kifuani ikakaa. Nikaenda duka la dawa nikanunua chupa ya dawa ya kuongeza damu, ile ya maji, nyekundu. Si ndiyo tunavyofanya wote? Mjamzito anapewa, mzazi anapewa, mtoto akipauka tunamnunulia. Sikumwambia muuzaji kwamba huyu ana sikoseli na ameongezewa damu mara nyingi. Hakuniuliza, nami sikusema.

Na ilikuwa tamu, dada. Hapo ndipo penye dhambi yangu. Asubuhi alikuwa anainywa yako ile yenye ladha ya chaki, amenuna. Jioni akiniona nashika chupa nyekundu anakuja mbio, amefungua mdomo kama kifaranga, halafu analamba kijiko. Yako alilazimishwa. Yangu aliikimbilia. Nikamwambia, "Hii ni siri yetu, ni dawa ya mama mdogo." Miezi miwili. Nilikuwa nasikia raha ambayo naona aibu kuiandika.

Nilikuwa nimeelezwa pale hospitali Mbeya, si kwamba sikuelezwa. Kila chupa ya damu aliyoongezewa imemwachia madini ya chuma, na mwili haujui kuyatoa, yanajikusanya kwenye ini na kwenye moyo. Ile dawa nyeupe ya asubuhi kazi yake ni kuyakamata na kuyatoa. Nilisikia, nikaitikia. Lakini kichwani nilikuwa nafikiri chuma ni kama misumari na nondo. Sikujua kwamba hata chupa nyekundu ya kuongeza damu ni chuma hicho hicho.

Tukaenda kwenye vipimo vya mwezi. Kule wananiita Mama Tusekile, jina linasomwa kwenye faili, nami huwa naitika haraka kabla hawajagundua. Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaangalia karatasi mara mbili. Chuma kimepanda badala ya kushuka. Akaniuliza, "Mama Tusekile, kuna siku mnaruka?" Nikasema haturuki. Na kweli, haturuki. "Kuna dawa nyingine yoyote anatumia? Ya hospitali, ya dukani, ya kienyeji?"

Nikasema hakuna.

Mwanao akadakia, "Na ile nyekundu ya mama mdogo."

Daktari hakufoka, angefoka ningepona haraka. Alisema tu, "Ya asubuhi inakitoa chuma, ya jioni inakirudisha. Umemchosha mtoto bure." Halafu akaniandikia upya kila kitu, akanisomesha kama mtoto wa shule. Kitu chochote cha kuongeza damu, vitamini yoyote, dawa ya kiungulia, niulize kwanza. Maji anywe mengi kutwa. Nikisahau dozi nisimpe mbili kesho yake. Na akianza kutapika au kuharisha, au macho yakiwa ya njano, mkojo ukipungua, vipele vikimtoka, nisimpe dawa, nipige simu nimlete, kwa sababu mwili ukikaukiwa maji dawa hiyo inaweza kuumiza figo. Nikamwitikia kila neno. Kwenye basi la kurudi Tuse akaniuliza, "Mama mdogo, umenikasirikia?" Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimekukasirikia wewe. Nisamehe.

Habari ikafika Mbebe kabla sijafika mimi nyumbani. Mwanao na simu! Mama akaja na basi la kwanza, mfuko wa maharage kichwani, hata hajakaa akasema, "Nimekuja kumchukua mjukuu wangu." Nikamsihi apumzike kwanza siku mbili tatu. Akapumzika huku anahesabu nguo za Tuse.

Siku ya tatu Tuse akaamka anatapika. Tumbo likafunguka, akaenda chooni mara tano kabla uji haujaiva. Nikamfinya ngozi ya mkono ikakawia kurudi, nikaona ulimi umekauka. Mama akawa ameshakoroga ile dawa. Amesimama na glasi mkononi, amekunja uso kwa hasira. "Mpe. Subi hakuwahi kuacha hata siku moja."

Na ni kweli, dada. Hukuwahi kuacha hata siku moja. Hilo nalo lilinishika. Nikaona nikiikataa ile glasi, mbele ya Mama mwenyewe, ndiyo nimekubali kwamba mimi ni mzembe. Mkono wangu ulishanyooka kuipokea.

Nikaipokea nikaiweka juu ya kabati. Nikasema, "Leo hanywi."

"Mtoto wa mwenzio unamfanyia majaribio? Subi angempa!"

"Subi hayupo, Mama. Nipo mimi."

Tangu msiba hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo, hayupo, ndani ya nyumba hii. Mama alikaa chini, pale pale mlangoni, akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilikuwa napiga simu kwa daktari, sikuwa na muda wa kulia. Akaniambia, umefanya vizuri kutompa, muwahishe hospitali ya karibu awekewe maji. Mama ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye bajaji. Hakuniruhusu nimsaidie. Siku mbili Tuse alikaa kwenye dripu. Figo zikapimwa, zikakutwa salama. Daktari akatupa siku ya kuanza tena dawa, tukaanza siku hiyo hiyo aliyosema.

Mama alirudi Mbebe peke yake. Akiwa dirishani kwenye basi aliniambia, "Hilda, usimpigie kelele asubuhi." Basi. Hakunisifu. Ila nguo za Tuse alikuwa ameziacha kwenye sanduku, amezikunja vizuri.

Wiki iliyopita tumetoka Mbeya. Chuma kimeshuka kidogo. Kidogo tu, daktari amesema ni safari ndefu, na mwaka huu ni lazima tumpime na masikio na macho, maana dawa hii inaweza kuyagusa. Lakini kimeshuka.

Asubuhi bado anainusa glasi. Bado ananiambia mama alikuwa hivi, mama alikuwa vile. Jana alisema ulikuwa unajua kusuka mtindo mmoja ambao mimi siujui, nikasikia kile kitu kifuani kikigeuka. Kipo. Hakijafa.

Kwa hiyo lala, dada yangu, mimi nirudi kwenye mchele, naona wateja wanavuka. Sikuahidi kwamba nitaacha kukuonea wivu, nitakuwa nakudanganya, na wewe ulikuwa unanijua nikidanganya hata kabla sijamaliza sentensi. Nakuahidi hili: chochote nitakachomtilia mwanao mdomoni, na chochote nitakachomnyima, kitakuwa kwa ajili yake. Hakitakuwa cha kukushinda wewe.

Mdogo wako,
Hilda