Usiku Mmoja Kabla ya Mwezi Mpevu

Hanga Roa, 20 Mei 1988

Dada Vaitea,

Iorana. Hujambo huko Valparaíso? Baridi imeshaanza? Huku kisiwani sote wazima, isipokuwa Nua, bibi yetu. Najua ulisema usiandikiwe habari zake. Lakini tangu nimalize shule mimi ndiye ninayeshinda naye, nami nimeshindwa.

Bibi alianguka kwenye shamba la taro wiki tatu zilizopita. Mdomo umepinda, hasemi tena. Iliyobaki ni mikono. Kila asubuhi anaonyesha apewe kamba yake, anaanza kaikai ya mwezi, ule mchezo wa kusokota kamba vidoleni aliokufundisha wewe: kila kitanzi usiku mmoja, kila usiku jina lake. Mimi nasema majina, yeye anasokota. Kumi na matatu ya kwanza nilijifunza shuleni, kwenye kitabu cha yule mgeni aliyekuja na kaseti kurekodi maneno yetu, na akiyasikia anaendelea. La kumi na nne nikisema Omotohi, usiku wa mwezi mpevu, anatikisa kichwa. Kidole gumba cha kushoto kinapaswa kuachia kitanzi, hakiachii. Ananitazama, kisha analia. Chakula hakitaki mpaka kamba iishe, na kamba haiishi.

Daktari anasema hana siku nyingi.

Maneno alikupa wewe. Mimi aliniambia mwezi haunong'onwi. Shangazi Merahi naye anasema sauti yangu haifukuzi hata kuku. Basi niandikie, dada. Ni jina gani?

Mdogo wako,
Uka

*

Hanga Roa, 2 Juni

Dada,

Iorana tena. Natumai hujaugua. Ndege nne zimekuja bila barua yako.

Nua sasa anakunywa maji tu, na mchuzi kijiko kimoja akishikwa kidevu.

Nimejaribu kulitafuta jina bila wewe. Mwalimu aliniazima picha ya ubao wa zamani wa maandishi ya wazee wetu, ule wenye hilali zilizopangwa mstari, ambao watu wanadhani ni hesabu ya mwezi. Siku mbili nilihesabu upuuzi mtupu, kwa sababu nilisahau kwamba ukimaliza mstari unaugeuza ubao juu chini ndipo usome unaofuata. Nilipougeuza, visamaki vilivyochongwa kati ya hilali vilikaa sawa: kichwa juu mwezi unapokua, kichwa chini unapopungua, na katikati duara lenye kijitu ndani. Kabla ya duara hilo nimehesabu hilali kumi na nne. Kitabu kina majina kumi na matatu.

Ubao hakuna anayeusoma, huenda najidanganya. Kwa hiyo niliuliza mbingu. Usiku ambao kitabu kinauita Omotohi, nilikaa ukutani nikitazama mlima wa Poike, mashariki. Mwezi ulitoka jua bado halijagusa bahari, na ubavu mmoja ulikuwa haujajaa. Ulijaa kesho yake.

Kitabu kimeruka usiku mmoja. Nikatafuta nyuma kabisa ya kitabu majina yalikotoka. Wameandika: yamesemwa na msichana wa miaka kumi na sita wa Hanga Roa.

Dada, huyo si wewe?

Mdogo wako,
Uka

*

Valparaíso, 9 Juni

Uka,

Mimi mzima. Nafanya kazi ya kufua mashuka hotelini, mikono imechubuka, ndiyo habari yangu.

Ni mimi, ndiyo. Ulikuwa mdogo, ila ufagio utaukumbuka. Nua alinipiga mbele ya majirani akisema nimempa mgeni mwezi wetu, na nisitaje tena jina la usiku hata mmoja maadamu yeye yu hai. Hakuniuliza nilimwambia nini yule mtu. Angeuliza tu!

Nimemtii miaka minne. Leo mnataka nisimtii?

Mwambie shangazi asinitumie tena viazi. Vinafika vimeoza.

Dada yako,
Vaitea

*

Hanga Roa, 15 Juni

Dada mpendwa,

Nimepokea barua yako, namshukuru Mungu u mzima. Nimeisoma mara nyingi hadi imechanika penye mkunjo.

"Angeuliza tu." Nililala na maneno hayo. Wewe ndiye uliyekuwa unanifinya nikikosea hata kitanzi kimoja. Wewe usahau jina? Na usahau lile lililo mlangoni pa mwezi mpevu? Hukusahau. Uliuficha usiku ule. Ulimpa mgeni kamba yenye tundu, kisha ukakubali kupigwa bila kujitetea.

Kumbe tundu ulilomwekea mgeni ndimo bibi amekwama. Sisi watoto wote wa shule tumesoma hesabu yako mbovu. Hakuna mwingine wa kumuuliza: nimekwenda nyumba saba, mimi, nikabisha hodi, nikasema kwa sauti. Koro Moi, mzee kuliko wote, alicheka: "Mtoto, hayo aliyajua bibi yako. Mimi nilikuwa nacheza mpira."

Mikono yake imeanza kupoa. Jana alifika kitanzi cha tisa tu akachoka. Sikuombi umsamehe. Nakuomba neno moja.

Nakusihi.
Mdogo wako,
Uka

*

Valparaíso, 23 Juni

Uka wangu,

U mzima? Unakula? Usijisahau.

Hakuna mtu aliyewahi kuligundua tundu hilo ila wewe. Yule mgeni ana shahada tatu.

Niliogopa kumwambia Nua kwa sababu angesema nimesema uongo kwa kutumia mwezi, na hilo pia ni kosa. Basi nikanyamaza, na kunyamaza kukawa tabia.

Kwenye kikaratasi kilichokunjwa ndani ya soksi hizi kuna jina. Lisome, lishike, kisha kikaratasi ukichome. Usimsomee kutoka kwenye karatasi. Liseme wewe, kwa kifua. Nami natafuta nafasi ya ndege.

Dada yako,
Vaitea

*

Hanga Roa, 28 Juni

Dada Vaitea,

Iorana. Soksi zimefika na ndege ya leo mchana. Nilisoma, nikashika, nikachoma jikoni.

Nua hawezi tena kusokota. Giza lilipoingia nilianza kaikai kwa mikono yangu, nikaviingiza vidole vyake ndani ya kamba pamoja na vyangu, tukaenda hivyo hadi kitanzi cha kumi na nne. Hapo nikamwambia, "Nua, Vaitea aliuficha. Kwenye kitabu haumo. Mgeni hakuupata." Jicho lake moja lilifunguka.

Kisha nikalisema.

Shangazi alikuja mbio na mwiko mkononi. "Nani anapiga kelele humu?"

"Mimi."

"Wewe?"

Lakini mimi nilikuwa natazama mkono. Kidole gumba cha kushoto, kizee, kimekauka kama mzizi, kilitikisika. Kikaachia. Kitanzi kikateleza, kamba ikafunguka mbele yetu, mwezi mzima kati ya mikono minne. Kisha akala vijiko vitatu vya po'e ya ndizi. Vitatu, dada! Shangazi alilia ndani ya sufuria.

Kesho ni Omotohi. Yaani usiku niliolitaja jina ndio usiku wake wenyewe. Sikupanga.

Njoo haraka. Sasa tuko watatu tunaolijua: yeye, wewe na

29 Juni, jioni

Niliacha kalamu hapo jana, shangazi aliponiita.

Mwezi umetoka Poike sasa hivi, jua likizama, umejaa pande zote. Kamba nimemwachia mkononi. Mazishi tutakusubiri hadi Jumapili.

Tuko wawili, dada. Usipande ndege bila kulitamka kwanza, angalau mara moja, kwa sauti.

Mdogo wako,
Uka