Kulabu Aliyoivuta Siyo Aliyoibeba

Alhamisi jioni, Kitale.

Mvua haijanyesha leo, ila baridi imekaa tu kama mgeni asiyejua kuaga. Nimejaribu kunywa chai, nusu nimeimwaga kwa meza. Wacha niandike, labda nitatulia.

Leo karibu niue mtu.

Nianze na droo. Mnaosoma hapa mnajua tuna duka la vifaa vya ujenzi, mimi na mume wangu, Baba Terry. Mwaka jana nilienda Bungoma kuchukua bidhaa, nikakuta duka moja la jumla limetundika sampuli mbele ya kila droo. Bawaba kwa droo ya bawaba, bisibisi kwa droo ya bisibisi, komeo kwa droo ya komeo. Nikapenda sana. Nilirudi nikafanya vivyo hivyo, na sitadanganya, nilijivuna. Mteja hahitaji kujua kitu kinaitwaje. Anaonyesha tu kwa kidole.

Na haishii kwa kidole. Huku kwetu mtu hanunui chuma kwa macho. Anaishika ile sampuli, anaivuta, anaizungusha, wengine wanaigonga na ufunguo wa nyumba wasikie inavyolia. Akitosheka anasema, "Nipe hiyo." Mimi nafungua droo, natoa mwenzake, nafunga kwa gazeti, anaenda zake. Hakuna anayevuta ile anayobeba. Tangu nitundike sampuli sijaona hata mmoja.

Juzi Jumanne aliingia Baba Chebet, mkulima wa Endebess ambaye amekuwa akinunua misumari kwetu tangu tufungue. Alisema ameanza kuchimba kisima nyumbani kwake na Alhamisi ataanza kutoa udongo kwa kamba, tena anachimba mwenyewe, maana hapo awali alikuwa akiwachimbia watu. Alitaka kulabu ya kufungia ndoo ya udongo kwa kamba, ile yenye ulimi wa springi unaojifunga. Akaishika iliyo mbele ya droo kwa mikono miwili, akaegemea nyuma na uzito wake wote mpaka kabati likalia.

"Hii inabeba hata ng'ombe," akasema, akicheka.

Nikacheka pia, nikampa moja ya ndani.

Za ndani nilizitoa Bungoma wiki iliyopita. Za zamani zilikuwa zimeisha, imebaki ile ya mbele tu.

Leo mchana jirani yetu anayefuga amerudi na kulabu kama hiyo. Ndama wake ameivuta mara moja, imefunguka. Imenyooka tu hivi, bana. Nimecheka kidogo, nikidhani ananitania. Kisha nimechukua nyingine kutoka kwa droo, nikaipachika kwa nondo ya dirisha, nikapitisha bisibisi kwa tundu lake na kuivuta. Ikafunguka bila ubishi. Nikafanya vilevile kwa ile sampuli, ikakataa kabisa.

Rangi moja, ukubwa mmoja. Ningepima uzito mkononi ningejua. Sikupima. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kule Bungoma nilifanya kama wateja wangu wanavyofanya. Nilivuta sampuli iliyo mbele ya droo yao, nikatosheka, nikabeba boksi likiwa limefungwa. Mimi, mwenye duka.

Hapo ndipo nikamkumbuka Baba Chebet. Na leo ni Alhamisi.

Nikapiga simu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena na tena, yule mwanamke wa mtandao akinijibu kwa upole ule ule.

Baba Terry akasema nimpigie tena jioni. "Mama Terry, ukienda Endebess kutangaza ati tunauza vitu feki, kesho tutamuuzia nani?" Simlaumu sana. Duka ndilo shamba letu, hatuna lingine. Na ukweli wa Mungu, nilikaa kwa kiti. Nilijiambia labda hajaanza. Labda ndoo ni ndogo. Labda niliyompa ilikuwa nzuri. Nilikaa pale nikijidanganya mpaka nikajichukia, ndipo nikachukua sweta na kutafuta pikipiki.

Njia nzima nilikuwa nikimwambia mwenye pikipiki aongeze mwendo, akiongeza namwambia asituue. Mahindi pande zote mbili, sikuona chochote zaidi.

Nilisikia gogo la kuzungushia kamba likilia kabla sijafika kwa shimo. Wanaume wawili walikuwa wanalizungusha kwa mkono wa chuma, kamba imekaza. Ndoo ilikuwa njiani. Baba Chebet alikuwa shimoni, chini yake.

Nilitaka kupiga mayowe, nikajizuia. Wangeshtuka, waachilie. Nikatembea. Miguu ilitaka kukimbia, nikaikataza. Nikawaambia kwa sauti ya chini wasisimame wala wasiharakishe, wavute tu polepole, kulabu ni mbovu. Mmoja akanitazama, akafumba midomo, akaendelea kuzungusha. Nikapiga magoti ukingoni, nikamwambia Baba Chebet ajibanze ukutani, asiwe chini ya ndoo.

"Kwani kuna nini, mama?" sauti yake ikauliza kutoka huko chini.

Nilikuwa naangalia kulabu ikipanda. Ulimi ulikuwa umeshatoka mahali pake, na mkono wa ndoo ulikuwa umeshikwa na ncha tu, ncha yenyewe inaendelea kunyooka. Udongo ulikuwa umejaa hadi juu. Mungu wangu. Nilinyoosha mkono kama ambaye angeweza kuidaka.

Ikafika. Wakaishika, wakaiweka chini.

Baba Chebet akapanda kwa vidato alivyochonga ukutani, akatokea, kichwa chote udongo. Mimi nilikaa chini nikalia mbele ya watu wazima.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliichukua ile kulabu, akaigeuzageuza, akaniangalia kama anayeomba nimweleze hesabu.

"Lakini si niliivuta mwenyewe?"

Nimerudi na swali hilo, ninalo mpaka sasa.

Droo ile nimeimwaga yote. Zilizobaki ni chache kuliko nilizoleta, kwa hivyo zingine ziko huko nje. Moja labda imefunga mbwa, sawa. Lakini moja labda imebeba injini kwa gereji na kuna mtu amelala chini yake. Sura za walionunua nimezitafuta kichwani, sizipati.

Baba Terry anasema tuwatafute kimya kimya, mmoja mmoja. Kimya kimya ndiyo ilinikalisha kwa kiti leo. Nimechukua kipande cha mbao, nimeandika kwa rangi nyekundu: ALIYENUNUA KULABU HAPA ASIITUMIE. AIRUDISHE. Kukipambazuka nitakipigilia mlangoni, upande wa barabara. Bungoma nitaenda baadaye, na huko nitasema yangu. Na kuanzia sasa, hakuna atakayetoka dukani kwangu kabla hajavuta ile ile anayoenda nayo.

Baba Terry amesoma kibao, ameketi. Anasema watu watatutukana mji mzima.

Watutukane tu. Bora watutukane wakiwa hai.