Nimebaki na Mkono Mmoja

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Miguu je, bado inavimba ukikaa sana kwenye cherehani? Mimi mzima, isipokuwa shingo, maana kutwa nimeinamia tableti ya kuchorea kama kuku anayekunywa maji.

Ulisema nisiwe napiga simu, niandike, kwa sababu kwenye simu nasema "nzuri, nzuri" halafu nakata. Haya, naandika.

Nimepewa kitabu, Mama! Si picha moja ya tangazo la sabuni. Kitabu kizima cha watoto, michoro yote yangu, na jina langu juu ya jalada. Ni hadithi ya mama mmoja fundi wa nguo, kwa hiyo ujue nimeshakuingiza humo bila ruhusa. Nilipomaliza kuchekelea, mhariri akafungua kazi zangu za nyuma, akatazama wee, akaniuliza, "Mbona watu wako hawana mikono?"

Nikabisha. Nilipofika chumbani nikazibandika zote ukutani, na hapo nikaumbuka. Mwalimu ameitia mfukoni. Muuza maua, maua yamemfunika mpaka viwiko. Daktari kaiweka nyuma utadhani kaiba kitu. Miaka yote hii nakwepa kuchora mikono na sikujua kwamba nakwepa, mpaka kazi yangu mwenyewe ikanisema mbele ya watu. Sasa kitabu cha fundi bila mikono kitakuwa kitabu gani?

Kikiisha nakuja, nikae hata mwezi. Na siku ya uzinduzi nataka kuvaa gauni utakalonishonea wewe, sitaki la dukani.

Mwanao,
Chiriku

11 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, miguu inavimba ikijisikia. Hongera sana mwanangu. Nimemsomea jirani barua yako, akashangilia mpaka mteja wangu akadhani kuna harusi.

Hayo ya mikono hukuyaanza leo. Ulipokuwa chekechea ulinichora: kichwa kama sufuria, gauni, miguu miwili, mikono hakuna. Nikakuuliza, "Mikono yangu iko wapi?" Ukanijibu bila kupepesa macho, "Imeenda kazini." Nilicheka mpaka nikakosea mshono, halafu nikaufumua nikiwaza. Siku zile ukitoka shule ulikuwa unataka kushikwa mkono njia nzima, na mimi yangu imejaa nguo za watu.

Gauni nimeshakata. Kitambaa cha kijani, hukichagui, nimekuchagulia. Mikono nitaifanya mirefu, maana hayo mabega yako ni ya kuanikia nguo. Vipimo usinitumie, nakujua.

Lakini kwa nini usubiri kitabu kiishe? Hiyo tableti si inabebeka? Njoo uchorie hapa, nitakupa pembe ya meza.

Mamako

2 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Samahani kwa kukaa kimya, na samahani kwa kutokuja. Kila nikifunga begi mhariri anarudisha ukurasa. Nimechora mikono mpaka naiota, na bado inatoka kama glavu zilizojaa maji.

Nisaidie. Laza kiganja chako cha kushoto kwenye karatasi, ukizungushie penseli, kisha upige picha unitumie. Nataka cha kushoto kwa sababu ndicho unachosukumia kitambaa kwenye sindano. Cha kulia nitakichora nikija, nikikutazama.

Gauni limefika wapi?

Mwanao,
Chiriku

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo kidogo. Nimechelewa kujibu, nisamehe.

Gauni usiulize. Nimebaki na mkono mmoja.

Kiganja ndicho hicho. Kipokee kilivyo. Kitazame vizuri.

Mamako

21 Mei

Mama yangu,

Shikamoo! Mkono mmoja tu? Basi si umeshamaliza! Na ukizidiwa na wateja, liache hivyo hivyo, siku hizi mkono mmoja ndiyo fasheni. Hahaha!

Lakini mbona barua fupi hivyo? Umeninunia? Najua niliahidi kuja na sijaja. Ni jalada tu limebaki.

Kiganja kimenifaa kuliko unavyodhani. Simu yako ilikigeuza, kidole gumba kikakaa upande usio wake, nikakirudisha. Na mstari ulikuwa unatetemeka, Mama! Ulikuwa unacheka au ulichora umesimama? Usijali, programu ninayochorea ina kitufe cha kunyoosha mistari. Nikabonyeza, ukawa laini kama umechorwa na malaika. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimegandana, nikavitenganisha. Mhariri alipouona mkono akasema huo ndio uwe jalada.

Usininunie, mama'ngu. Nakuja.

Mwanao,
Chiriku

3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sijanuna. Kazi njema.

Mamako

15 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. U hali gani? Barua zako zimekuwa kama risiti, nazisoma kabla sijakaa.

Kitabu kimetoka! Nimekutumia nakala, ikifika uishike kwanza kabla ya majirani. Uzinduzi ulikwenda vizuri. Nilivaa gauni la dukani, lilinibana kwapani jioni nzima. Sikulaumu, najua ulivyo na wateja. Ila nilikuwa natazama mlangoni kama mjinga, nikijua huwezi kuja kutoka mbali kote huko bila kuniambia.

Nilikuwa nije wiki ijayo, lakini nimepewa kitabu cha pili. Wameona nilivyochora mikono, sasa wanataka mikono tu! Nikimaliza kurasa za mwanzo, nakuja. Safari hii kweli.

Mwanao,
Chiriku

30 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Kitabu kimefika. Jirani kanifungulia bahasha. Nimeliona jina lako, nimefurahi sana.

Mkono wa kwenye jalada ni mzuri. Ni wa nani?

Mamako

1 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nimesoma swali lako nikacheka, nikaanza kukujibu, "Wako, nani mwingine?" Halafu nikaona kwanza niutazame.

Picha ya kwenye kompyuta ina matabaka, moja juu ya jingine, kama karatasi zinazoonyesha cha chini yake. Unaweza kuyaondoa moja moja. Nikaondoa rangi, nikaondoa kivuli, nikaondoa mistari yangu iliyonyooka, mpaka nikafika chini kabisa kwenye karatasi yako. Tangu ile siku ya Mei nilikuwa sijaitazama tena.

Ulikuwa umechora nyuma ya karatasi ya kalenda, na pembeni imekunjika, namba za upande wa pili zinaonekana. Zinasomeka sawasawa. Simu yako haikugeuza kitu. Niligeuza mimi.

Nikalaza kiganja changu cha kushoto juu ya skrini, hakikukaa. Nikalaza cha kulia, kikaingia. Mama, huo ni mkono wa kulia. Wewe unashona kwa kulia, unakata kwa kulia, unaandika kwa kulia. Ili kuuchora huo ilibidi penseli uishike kwa kushoto, na wa kulia ukae tu.

Nikarudi kusoma barua yako. "Nimebaki na mkono mmoja." Mimi nikafikiri gauni. Nikaandika hahaha. Nimeitazama hiyo hahaha mpaka macho yameniuma.

Penseli ilikuwa inatetemeka na mimi nikabonyeza kitufe. Vidole vilikuwa havifunguki na mimi nikavifungua, nikapigiwa makofi.

Tafadhali niambie nimekosea. Niite mpumbavu, sema nakuza mambo, nitafurahi. Nimeshapanga begi.

Mwanao

6 Oktoba

Chiriku wangu,

Marahaba. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja cha kushoto, tangu juzi, kwa hiyo usiniharakishe.

Hukukosea. Ilikuwa Aprili, siku chache baada ya barua yako ya kiganja. Niliamka nikashika mkasi, ukaanguka. Nikauokota, ukaanguka tena. Hospitali wakasema ni kiharusi. Mguu umerudi kiasi, natembea nikishika ukuta. Mkono daktari anasema hautakuwa wa zamani.

Sikukwambia kwa sababu ungeacha kitabu. Na sikutaka uache. Lakini nilitaka uone, mwanangu. Nilitaka yote mawili, unisamehe. Nikasema, huyu kazi yake ni kutazama, nikimpelekea mkono wenyewe atauona. Jirani alinilazia vidole kwenye karatasi, lakini mstari niliuvuta mwenyewe, jasho linanitoka. Ulipojibu nilikukasirikia sana. Nikamwambia jirani, mwanangu ana macho ya kuchorea tu. Halafu hasira ikaisha, nikabaki nakungoja.

Kitabu kimeshachapishwa, usikililie. Watoto wataupenda mkono ule, ni mzuri kweli. Ila si wangu.

Gauni liko pale pale kwenye cherehani, sijaruhusu mtu aliguse. Mkono wa pili umebanwa kwa pini. Kama utaweza kunisukumia kitambaa, tutajaribu. Tukishindwa utalivaa hivyo, si ulisema ni fasheni?

Uliniambia mikono yangu imeenda kazini. Mmoja umerudi. Uko hapa mapajani kutwa nzima, hauna nguo ya mtu.

Njoo uushike.

Mamako