Malkia Asiyekufa na Mama Yetu

Kaka yangu,

Salamu nakupa, ingawa nimekukasirikia. Vile vitabu vyako vya malkia asiyekufa vimefika, na tangu vifike cherehani yangu haina raha. Macho ya mama hayawezi tena kusoma, kwa hiyo namsomea mimi huku nashona. Juzi nimeshona mikono ya gauni la bibi harusi nyuma mbele. Mteja alinifokea mpaka majirani wakatoka nje.

Ulisema vitampa mama hamu ya kuishi. Haya, sikia hamu yenyewe. Tulipofika pale malkia anapomzika mwanawe wa mwisho, mama alinishika goti. "Funika kwanza kitabu. Maskini huyu, yeye nani atamlilia?" Kesho yake akamwambia daktari hataki tena ule upasuaji wa kumwokoa. "Nina watoto wawili wazima. Wanizike wao, nisije nikawazika mimi."

Nimembembeleza, nimegomba, nimelia. Wapi! Nawe kwenye simu unaniambia, "Mbembeleze tu, mdogo wangu, nitatuma kile kitabu kingine." Kaka, mama si mtoto wa kunyamazishwa kwa zawadi.

Kimebaki kitabu cha mwisho. Mama anakiulizia kila asubuhi, anataka kujua kama malkia aliruhusiwa kufa. Usikitume kwa posta. Kilete mwenyewe, umsomee wewe. Mimi sauti imenikauka, na ukurasa ule sitauweza.

Mdogo wako,
Fundi wa nyuma mbele